Ripoti Niliyoiandika Juu ya Mume wa Sechelela

Ninyi mnaoanza kazi leo mna raha, msinibishie. Mtu anakaa mbele yenu, mnamwambia weka kidole hapa, tazama kamera, na mashine inawaeleza huyu ni nani, kaingia lini, kapitia mpaka gani. Sisi tulikuwa na kalamu, muhuri unaovuja wino, na rejista ambayo mchwa walikuwa wameisoma kabla yetu. Mtu akikwambia yeye ni mzaliwa wa Kondoa, unamuuliza msikiti mkubwa uko upande gani wa soko. Akijibu haraka, ni wa Kondoa. Akianza kukuna kichwa, unamvutia kiti.

Nimestaafu, nakaa hapa hapa Dodoma, na kila nikikutana na kijana wa uhamiaji ataniambia, "Shikamoo mama, tupe siri ya kazi." Siri gani, wanangu? Kazi yenyewe niliijua kwa kuiharibu. Basi kaeni niwaeleze nilivyoiharibu, mpate kucheka, na anayetaka kuokota kitu aokote.

Mimi kwetu Pangani. Nililetwa Dodoma nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, sanduku moja la nguo, na mdomo uliotosha watu watatu. Sikujua neno la Kigogo ila "mbukwa", la kusalimia, na hata hilo nilikuwa nikilisema saa ambayo si yake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka tuliyokuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni yalijaa redio, mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindana njiani, mitumba ikamwagwa chini sokoni mpaka wakubwa wa ofisi wakawa wanainama kuchagua. Na watu nao wakaanza kuingia kutoka kila upande, wengine bila viza wala muhuri, treni ya Kigoma ikiwashusha hapa kituoni na vifurushi vyao. Wakikaa kidogo, wanapata wachumba. Sijui ni zabibu zetu au ni vumbi, lakini walikuwa wanapata.

Sasa mtu aliyeingia bila viza akifunga ndoa na mwenyeji, kwa taratibu zetu za wakati ule, hakuwa ametakasika kwa kula pilau ya harusi tu. Kwanza alipe faini ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Kisha sisi tuhakikishe kwamba ndoa ni ndoa kweli, si cheti cha kununua. Halafu faili liende Dar es Salaam, likae huko mpaka lenyewe lichoke, ndipo hati ya kukaa irudi. Hatua ya katikati, ya kupima ndoa, ilikuwa ya kwangu. Msichana asiyeolewa, ndiye mpima ndoa za watu! Hamcheki?

Nilikuwa na maswali yangu kumi na mawili, nimeyaandika kwenye daftari. Mwenzako analala upande wa ukutani au wa mlangoni? Anakoroma? Mara ya mwisho mligombania nini? Namwita mume peke yake, kisha mke peke yake, halafu nalinganisha. Siku moja wakaja mfanyabiashara mmoja wa kigeni na mkewe wa hapa mjini, wakajibu yote kumi na mawili sawasawa, mpaka pale mume aliposema "kwa kweli" na mke akasema "kwa kweli". Nikafurahi, nikawapitisha. Miezi mitatu baadaye yule bibi harusi akarudi na bwana harusi mwingine. Akaketi, akaweka mkoba mapajani, akaniuliza, "Dada, maswali ni yale yale?"

Mkuu wetu wa ofisi, mtu mnene aliyekuwa akivua miwani kila akikasirika, aliivua siku hiyo akaiweka mezani kabisa. "Bi Mwanaidi," akaniambia, "ukidanganywa tena, utakwenda kugonga mihuri mpakani, na mbu wakusaidie." Nikatoka pale nimeapa. Atakayefuata, nikasema, atanikoma.

Aliyefuata akawa Kalombo.

Alikuja na mkewe, Sechelela, binti wa Kigogo wa kijiji kimoja upande wa Hombolo, na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Aliyeanza kuzungumza alikuwa mke. "Shikamoo dada. Mume wangu ni Mzaire, alivuka ziwa na wavuvi wa dagaa, hana viza, hana chochote. Tumeishi miaka minne. Nimechoka kulala na mtu anayeshtuka gari likipita. Tunataka karatasi." Hakuna aliyewakamata, mnanielewa? Walijileta wenyewe. Mwizi gani anabisha hodi polisi? Lakini mimi nilikuwa na kiapo changu, sikuliona hilo.

Kalombo, mfupi wa kimo lakini mwenye sauti nene, alikuwa fundi wa pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono. Alishuka Dodoma akitafuta kazi, akasikia Hombolo kuna pampu imekufa, akaenda, akaitengeneza kwa washa, zile pete za kuzuia maji yasivuje, alizokata kwenye ngozi ya ng'ombe, na hakutoka tena. Mahari aliitafuta miaka miwili, kisima hadi kisima, mpaka ikatimia ng'ombe sita. Yote hayo aliniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, na mimi nikaandika: "Anajieleza kwa ufasaha wa kutia shaka."

Tukafika kwenye fomu. Fomu zetu zilikuwa zimechapwa kwa fikra kwamba mwanamke ndiye anayemfuata mume. Mume kumfuata mke, mchapaji hakuiwaza. Nikakata neno "mke" nikaandika juu "mume", halafu nikamsomea Kalombo jina la hati anayoomba: hati ya mtegemezi.

"Mtegemezi wa nani?" akauliza.

"Wa mkeo."

Akasimama. "Mama afisa, hapana. Mimi namlisha huyu. Kibuyu cha asali cha uchumba nimeleta mimi, kitanda nimegonga mimi. Andika yeye ndiye mtegemezi."

"Yeye ni raia, bwana. Hawezi kutegemea mtu ambaye hayupo kisheria."

Sechelela akamvuta shati. "Kaa. Nitegemee kwa karatasi tu. Nyumbani utaendelea kuninyima usingizi kwa kelele zako." Akakaa, lakini sahihi aliitia amenuna.

Siku ya tatu nikaenda kijijini kwao, walikokaa uani kwa wakwe, bila taarifa. Dereva wetu alikuwa Mzee Lazaro, Mgogo wa Mvumi, aliyeendesha ile Land Rover ya ofisi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Njiani akakohoa, akasema, "Mwanangu, ukifika ukweni kwa watu, kuna namna ya…"

Nikamkata. "Mzee Lazaro, kazi yako usukani, kazi yangu maswali. Ukifika kaa garini."

"Haya," akasema. Wanangu, mtu mzima wa Dodoma akikwambia "haya" kwa sauti ya chini namna ile, simamisha kila kitu umwombe radhi. Mimi sikujua. Nilichungulia dirishani nikahesabu mizabibu.

Baba mkwe, Mzee Ndahani, hakuwepo, alikuwa amekwenda Mvumi hospitali kumtazama nduguye. Majirani sikuwataka, maana wale wa kesi ya kwanza walikuwa wamehongwa soda waithibitishe ndoa. Nilimtaka mama mkwe. Mama, nikasema moyoni, hawezi kusahau sura ya mtu aliyemchukulia binti. Nilimkuta kwenye kivuli cha tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, anapeta uwele. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akaniwekea kigoda. Nikamwambia Sechelela, "Mwite mumeo aje asimame hapa, mbele ya mama."

Sechelela akakodoa macho. "Dada, hapo haiwezekani, kwa sababu…"

"Wewe ni mhusika, nyamaza."

Kalombo nilimwona anazunguka nyuma ya zizi, kichwa chini, anakwenda mbali kabisa na pale tulipo. Nikamfuata mwenyewe nikamshika mkono wa shati. Alikuwa anatoka jasho. "Mama afisa, usinifanyie hivi. Uliza lolote, usinipeleke pale." Nikasema ahaa! Nikamvuta mpaka uani. Yule mama alipotuona, ungo ukamtoka mkononi, uwele ukamwagika wote. Akajivuta kanga mpaka kidevuni, akageukia ukuta.

"Mama, unamjua mwanamume huyu?"

Kimya.

"Anaitwa nani?"

Kimya. Ukuta tu.

"Mama, geuka umtazame!"

Mama akaingia ndani, akajifungia. Kalombo naye akachomoka, nikabaki nimeshika hewa, kuku wanakula uwele. Nikarudi mjini nimejaa ushindi. Nikaandika ripoti ya mistari mitatu, ambayo mpaka leo naikumbuka: "Mama mkwe hamtambui mume anayedaiwa. Jina lake halijui. Mwanamume alionesha woga wa mkosaji." Mkuu akasoma, akatikisa kichwa kwa kunikubali, akatia sahihi notisi: Kalombo aondoke nchini ndani ya siku saba, kwa treni ya Kigoma.

Notisi nikaipeleka mimi. Nilitegemea vilio, au matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Sechelela hakunitukana. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya chungu. Kalombo alikuwa ameketi na kipande kikubwa cha ngozi, anakata washa za pampu, moja baada ya nyingine, na mkewe ameshika spana anafundishwa. "Nakata za kutosha miaka mitatu," akaniambia bila kuinua uso. "Kisima kisikauke kwa ajili yangu. Huyu atajua kuzibadilisha." Mtoto alikuwa anazipanga zile washa chini, anacheka. Nikaenda zangu garini haraka.

Tulikuwa tumeshapita bwawa, Mzee Lazaro macho barabarani. Nikashindwa mimi. "Mzee, kwani ulikuwa unataka kuniambia nini siku ile?"

"Kazi yangu usukani."

"Nisamehe, mzee wangu. Sema."

Akaendesha kidogo. "Ulimwambia mama wa watu amtazame mkwe wake usoni?"

"Ndiyo. Hakumjua."

Mzee Lazaro akasimamisha gari. Alicheka, akacheka mpaka akalaza paji lake kwenye usukani, honi ikalia, na mbuzi wa watu wakatawanyika. Kisha akafuta macho na akawa hachekeshwi tena. "Mwanangu, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, hata kama pori ni la miiba. Jina la mkwe, mama halitaji. Hiyo ndiyo heshima ya kumpa mtu binti. Kama yule mama angegeuka akamtazama na kumtaja jina, hapo ndipo ungejua si mkwe wake."

Weee! Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima. Yaani nilikuwa nimepewa ushahidi ambao hakuna mtu angeweza kuununua, mama mzima kamwaga uwele wake wote chini, nami nikaugeuza hukumu.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mkuu. Nilimweleza kila kitu, kanga, ukuta, ungo. Akavua miwani. "Alijifunika uso? Alikugeuzia mgongo? Mbona hapa hakuna? Hapa umeandika 'hamtambui'."

"Niliona ndiyo maana yake."

"Bi Mwanaidi, nikikutuma uende ukaone, niandikie ulichokiona. Maana nitaitafuta mwenyewe. Wewe umeniandikia ulichoelewa, na hukuelewa kitu." Hilo, wanangu, kama kuna la kuokota, okoteni. Mtu akigeukia ukuta, andika kageukia ukuta. Usiandike kakataa, usiandike kaogopa, usiandike kadharau.

Nikadhani amelainika. Wapi! "Lakini notisi nimeshatia sahihi," akasema, "na siifuti kwa hadithi ya dereva. Niletee huyo mama hapa ofisini, aseme mbele yangu. Zimebaki siku tatu."

Nilipomwambia Mzee Lazaro, akanitazama kwa huruma. "Umeruka majivu, umekanyaga moto."

Walikuja siku ya sita asubuhi, juu ya lori la zabibu: Mzee Ndahani, ambaye alikuwa amesharudi, mkewe, Sechelela na mtoto. Kalombo aliletwa peke yake kwa gari letu, tukamficha ofisini kwa Mkuu aandikishe maelezo, ili wasikutane. Nilikuwa nimepanga vizuri: mama atakaa chumba changu, Mkuu atamfuata huko, atamwuliza habari za ng'ombe sita, basi. Nilisahau kumwambia mhudumu wa ofisi. Yeye aliona wazee wanasimama kwenye korido, akawaonea huruma, akawafungulia mlango wa Mkuu. "Karibuni ndani, mkae."

Kalombo aliiona ile kanga ikiingia. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni yupo mama mkwe. Hakufikiri mara mbili. Akapanda juu ya kiti, akakanyaga mafaili ya Mkuu, akaruka dirishani.

"Katoroka!" Mkuu akapiga kelele. "Mkamateni!" Mlinzi wetu, aliyekuwa hajapata kumkamata mtu tangu aajiriwe, alimrukia Kalombo kwenye tuta la maua akamkalia. Tukasikia Kalombo anapumua kwa shida, anasema, "Sikimbii, ndugu yangu, namheshimu mama."

Mkuu akanigeukia. "Mwenye ndoa ya kweli anaruka dirisha?" Na mkono wake ulikuwa tayari unatafuta lile faili. Nikafungua huo mdomo wangu wa watu watatu kumweleza, akanizuia kwa mkono wa pili.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye kona, ameshatazama ukuta kama desturi. Alisikia yote. Nje mkwe wake analia chini ya mtu, ndani mjukuu wake kaanza kulia naye. Nikaona mabega yake yanapanda, yanashuka. Mzee Ndahani akamwambia kitu kwa Kigogo, taratibu, kama anayemzuia. Hakuzuilika. Aligeuka, akaenda mpaka dirishani, akaishusha kanga yake ikamwangukia mabegani, akamtazama Kalombo machoni mbele yetu sote.

"Huyo ni Kalombo," akasema kwa Kiswahili, neno moja moja. "Mkwe wangu. Baba wa mjukuu wangu. Ng'ombe wake wako zizini mwangu. Inuka juu yake, wewe."

Mlinzi akainuka. Kalombo alikuwa amefumba macho yote mawili, amejifunika uso kwa viganja vyenye udongo, ili angalau mmoja wao asiwe amemwona mwenzake. Sechelela alikuwa analia. Mzee Ndahani aliketi kwenye kiti cha Mkuu bila kuambiwa, akainamisha kichwa, na Mkuu hakumwambia ainuke. Mimi sijapata kuona haya maishani mwangu kama siku ile. Nilimfanya mama wa watu ajivue kitu ambacho hata mumewe hakuwa na haki ya kumvua, na sababu yake ni mistari mitatu ya kalamu yangu.

Mkuu alivaa miwani, akaichukua ile notisi, akaichana kati. Kisha akaandika mwenyewe barua ya kuliombea faili Dar es Salaam, kurasa mbili, na ndani yake aliandika kila alichokiona, na dirisha pia.

Nikajua yamekwisha. Walipokuwa wanapanda lori kurudi, Mzee Ndahani akaniita pembeni. "Binti, kuna mbuzi."

"Mbuzi gani, baba?"

"Mkwe na mama wakishaonana, heshima imevunjika. Kwa ukoo wetu inarudishwa kwa mbuzi, na anamtoa aliyeivunja. Kalombo hana kosa, tumeona wote, aliruka dirisha. Mama alilazimishwa. Sasa tumekaa tumefikiri ni nani aliyebaki."

Nilikwenda kwa Mkuu kumwuliza kama ofisi ina fungu la mbuzi. Akaniambia hakuna fomu yake. Basi nikanunua mwenyewe mnadani, jike jeupe, Mzee Lazaro akanichagulia, na nikasafiri naye kiti cha nyuma mpaka kule, akinitafunia mtandio. Alichinjwa uani, yakanenwa yanayonenwa, na mama akaivuta kanga yake akajifunika tena mbele ya watu wote. Kalombo akapita nyuma ya zizi kwa njia ile ndefu, mwendo wa taratibu, na hakuna aliyemshika shati. Hati yake ilitoka baadaye, masika yamekwisha, nami ndiye niliyempelekea.

Lakini siku hiyo ya mbuzi sikuweza kuondoka hivi hivi. Nikamwomba Mzee Lazaro amwulize mama, aliyekuwa amekaa ndani ya tembe, kama amenisamehe. Sauti yake ikatoka gizani, maneno mengi, na wanawake wote waliokuwa ndani wakaangua kicheko.

"Anasema amekusamehe," Mzee Lazaro akanitafsiria, naye anajizuia. "Ila anasema umemharibia. Kwa sauti nene ile aliyokuwa akiisikia nyuma ya zizi miaka minne, yeye alikuwa anajua binti yake ameolewa na mtu mrefu."